Siku Moja Ndani ya Baraza la Madiwani: Kinachofanyika Ukumbini na Namna Hoja ya Kijiji Inavyofika Huko

Kila tunapotangaza kwamba Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa linakaa, simu na ujumbe mfupi huanza kuingia studio. Msikilizaji wa Chanzuru anauliza kama daraja lao limezungumzwa. Wa Kimamba anataka kujua ushuru wa mazao. Wa Mikumi anauliza tembo wanaoingia shambani watajadiliwa lini. Na swali moja hurudi karibu kila mara: "Mbona diwani wetu alisimama mara moja tu, akakaa?"

Makala haya yanaeleza siku ya Baraza inavyokwenda tangu mlango unafunguliwa hadi Mwenyekiti anapofunga mkutano. Yanaeleza pia kazi inayofanyika kabla ya siku hiyo, maana mambo mengi huamuliwa huko. Ukishayasoma utajua ni wapi pa kupeleka jambo lako, na ni wapi utapoteza nauli ya bodaboda bure.

KWANZA: MKOA HAUNA BUNGE LAKE

Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, ina kaunti 47, na kila kaunti ina bunge lake linalotunga sheria za kaunti. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980. Kwetu Tanzania Bara, Mkoa wa Morogoro hauna chombo cha namna hiyo. Mkoa una Mkuu wa Mkoa, Sekretarieti ya Mkoa, na Kamati ya Ushauri ya Mkoa inayotambuliwa na Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 19 ya 1997. Kamati hiyo inashauri. Haipigi kura ya kupitisha bajeti ya Kilosa wala haitungi sheria.

Chombo cha kuchaguliwa chenye mamlaka ya kupitisha bajeti na kutunga sheria ndogo kiko wilayani. Hicho ndicho Baraza la Madiwani. Linatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, pamoja na ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Wazee wetu watakumbuka kwamba halimashauri hizi ziliwahi kufutwa. Mwaka 1972 Serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani, kazi zote za wilaya zikaendeshwa na watumishi wa Serikali Kuu. Huduma zilizorota, na miaka kumi baadaye zikatungwa sheria za 1982 kuzirudisha. Halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kwa hiyo Baraza tunalolisikia leo lilirudishwa baada ya nchi kujaribu kukaa bila hilo.

NANI ANAKAA NDANI YA UKUMBI

Wajumbe wenye kura ni hawa:

Madiwani wa kata. Kila kata ina mmoja, anayechaguliwa na wananchi siku moja na Rais na Mbunge. Uchaguzi wa mwisho wa namna hiyo ulikuwa 29 Oktoba 2025.

Madiwani wanawake wa viti maalum. Hawa hawana kata moja. Wanatokana na vyama kulingana na matokeo ya uchaguzi, na wanawakilisha eneo pana. Mwanamke mwenye jambo analoona gumu kulipeleka kwa diwani wa kata ana haki ya kulipeleka kwa diwani wa viti maalum.

Wabunge wa majimbo. Wilaya ya Kilosa ina majimbo mawili, Kilosa na Mikumi, na wabunge wote wawili ni wajumbe wa Baraza. Hata kama wanatoka vyama tofauti wanakaa ukumbi mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mikumi kati ya 2015 na 2020, jimbo lilipokuwa mikononi mwa Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye wengi wanamfahamu kama Profesa Jay.

Anayeongoza mkutano ni Mwenyekiti wa Halmashauri. Huyu ni diwani mwenzao, wamemchagua wao wenyewe. Makamu wake huchaguliwa kila mwaka. Katibu wa mkutano ni Mkurugenzi Mtendaji, ambaye huteuliwa na Rais na hana kura. Wakuu wa idara, yaani wa elimu, afya, kilimo, mifugo, ardhi, fedha na wengine, wanakaa kujibu maswali. Nao hawana kura.

Mkuu wa Wilaya si mjumbe. Anaalikwa na hupewa nafasi ya kuzungumza. Wasikilizaji wengi huchanganya hapa: Mkuu wa Wilaya anamwakilisha Rais na anasimamia ulinzi na usalama wa wilaya, Mkurugenzi anaendesha ofisi na fedha, Mwenyekiti anaongoza madiwani. Ukimpelekea mmoja jambo la mwenzake, atakusikiliza vizuri na kukuelekeza mlango wa pili.

Na wewe mwananchi je? Mkutano wa Baraza ni wa wazi kwa mujibu wa sheria. Unaruhusiwa kuingia, kukaa sehemu ya wageni na kusikiliza. Huruhusiwi kuzungumza, kupiga makofi ya kushangilia upande mmoja, wala kumkatiza mjumbe. Mwenyekiti anaweza kukutoa.

KAZI INAYOFANYIKA KABLA YA SIKU YENYEWE

Baraza hukaa mkutano wa kawaida kila robo ya mwaka wa fedha, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kati ya mkutano na mkutano kuna kamati. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hukaa kila mwezi. Kamati nyingine zinazojulikana ni ile ya Elimu, Afya na Maji, na ile ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ipo pia Kamati ya Kudhibiti UKIMWI.

Huko kwenye kamati ndiko mabishano marefu yalipo. Diwani anamuuliza mhandisi kwa nini zahanati imeishia kwenye lenta wakati fedha zilitoka zote. Mhandisi anatoa karatasi. Kamati inakwenda kukagua mradi. Jambo linapofika Baraza kuu, mara nyingi limeshachujwa, na kinachosomwa ni mapendekezo. Ndiyo sababu ya jibu la lile swali la mwanzo: diwani aliyesimama mara moja ukumbini huenda alizungumza saa mbili kwenye kamati. Inawezekana pia kwamba kwenye kamati hakusema neno. Swali la kumuuliza ni "uko kamati gani, na jambo letu lilifikaje huko?"

Kuna kikao kingine ambacho hakimo kwenye sheria lakini kina nguvu. Kabla ya Baraza, madiwani wa chama kimoja hukutana peke yao kukubaliana msimamo. Chama chenye madiwani wengi kikishakubaliana huko, kura ya ukumbini haina mshangao. Kwa hiyo ukiona hoja nzito imepita dakika tano bila mtu kupinga, usidhani haikujadiliwa. Ilijadiliwa mahali ambapo redio haikuwepo.

SIKU YA KWANZA: TAARIFA ZA KATA

Mkutano wa robo mwaka kwa kawaida huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ni ya taarifa za kata. Kila diwani anawasilisha taarifa ya maandishi ya kata yake: miradi ilipofika, hali ya chakula, mahudhurio ya wanafunzi, magonjwa, usalama, changamoto. Wenzake na wataalamu wanauliza au kujibu.

Kwa msikilizaji wa kijijini hii ndiyo siku ya kusikiliza kwa makini, kwa sababu ndiyo siku kata yako inatajwa kwa jina. Taarifa hiyo haiandikwi na diwani peke yake nyumbani kwake. Inatakiwa itokane na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC. Diwani ndiye mwenyekiti wake, Mtendaji wa Kata ndiye katibu, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe.

Chukua mfano. Maji ya masika yamebeba kivuko cha miguu ambacho watoto wanapita kwenda shule. Kama kijiji kiliandika jambo hilo kwenye muhtasari wake, mwenyekiti wa kijiji akalifikisha WDC, nalo likaingia kwenye taarifa ya kata, basi siku ya kwanza ya Baraza litasomwa na kuandikwa. Kama liliishia kuzungumzwa kwenye genge la kahawa, au diwani aliambiwa njiani akipita na pikipiki, halimo. Hata akilitaja kwa mdomo, mtaalamu atauliza, "Liko ukurasa wa ngapi?"

SIKU YA PILI: AGENDA MOJA BAADA YA NYINGINE

Siku ya pili ndiyo Baraza lenyewe. Wajumbe wanavaa majoho. Mwenyekiti akiingia ukumbi mzima unasimama, unaimbwa Wimbo wa Taifa, inasomwa dua. Kisha mambo yanakwenda kwa mpangilio huu.

Akidi. Katibu anatamka idadi ya wajumbe waliohudhuria. Wasipofika idadi inayotakiwa na Kanuni za Kudumu, hakuna mkutano.

Kufungua na kuridhia agenda. Orodha ya mambo ya siku inasomwa na kukubaliwa. Jambo lisiloingia hapa ni vigumu kuliingiza baadaye.

Muhtasari wa mkutano uliopita. Wajumbe wanapitia ukurasa kwa ukurasa na kusahihisha. Wageni hupiga miayo kipindi hiki, lakini hapa ndipo uongo mdogo unapozuiliwa. Kama mara iliyopita Baraza liliagiza kisima kichimbwe na muhtasari unasema "lilishauri", diwani aliye macho atasimama. Kuagiza na kushauri ni vitu viwili tofauti, na mtekelezaji anajua tofauti hiyo.

Yatokanayo. Haya ni maagizo ya mkutano uliopita na hali ya utekelezaji wake. Kila agizo lina jibu lake: limetekelezwa, linaendelea, halijatekelezwa. Hesabu ni mara ngapi neno "linaendelea" limetumika kwa jambo lile lile. Likitokea robo tatu mfululizo, hapo pana jambo la kuuliza.

Maswali. Yapo maswali ya maandishi ambayo diwani aliyapeleka mapema kwa Mkurugenzi, na yapo ya papo kwa papo. Swali la maandishi lina faida moja kubwa: jibu lake linaandikwa na kubaki kwenye kumbukumbu. La papo kwa papo linachangamsha ukumbi, lakini mtaalamu anaweza kusema atafuatilia.

Taarifa za kamati. Mwenyekiti wa kila kamati anasoma taarifa ya robo. Hapa ndipo zinapopita takwimu za makusanyo, hali ya miradi, dawa vituoni, madawati, chanjo ya mifugo. Kila mjumbe ana kabrasha lake, na makabrasha ya Baraza moja huwa mazito. Diwani aliyelisoma usiku uliotangulia anajulikana kwa swali lake la kwanza.

Taasisi za nje. Baada ya taarifa za kamati, huitwa wale wasio chini ya Halmashauri moja kwa moja. Hapa wapo watu wawili ambao msikilizaji wa kijijini anatakiwa kuwajua. Barabara za vijijini tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Maji vijijini tangu 2019 yako chini ya RUWASA. Diwani hawezi kumwamuru meneja wa TARURA kama anavyomwagiza mtumishi wa Halmashauri kupitia kwa Mkurugenzi. Anachoweza ni kumhoji mbele ya watu na kuweka jibu lake kwenye muhtasari. Ni silaha ndogo, lakini ahadi iliyotolewa hadharani na kuandikwa ina uzito kuliko ya ofisini.

Kura. Mambo mengi hupita kwa Mwenyekiti kuuliza "wanaoafiki?" na ukumbi kuitikia. Penye ubishi mikono inahesabiwa. Kuchagua viongozi hufanyika kwa kura ya siri.

Kufunga. Mwenyekiti anatoa maelekezo ya mwisho, mkutano unafungwa. Kinachobaki ni muhtasari, na huo ndio utakaorudi kusomwa robo inayofuata.

REDIO IKITOLEWA NJE

Mara nyingine utatusikia tukisema, "Baraza limejigeuza kuwa kamati." Maana yake wageni na waandishi wa habari wametoka na mlango umefungwa. Sheria inaruhusu, na sababu ya kawaida ni mambo ya nidhamu ya watumishi, kwa kuwa mtu hajathibitika kuwa na kosa na jina lake halipaswi kutangazwa. Kikao kikiisha, Baraza hurudi kuwa la wazi na uamuzi hutangazwa. Kufunga mlango kwa jambo la nidhamu ni sawa. Kufunga mlango kujadili bajeti au ushuru ni jambo la kuuliza kwa nini.

FEDHA: HAPA NDIPO BARAZA LINA MENO

Bajeti ya Halmashauri haianzii Dodoma. Inatakiwa ianzie kijijini kwa mpango wa fursa na vikwazo, ipande kwenye kata, iende kwenye kamati, kisha ipitishwe na Baraza maalum la bajeti, ambalo kwa kawaida hukaa Januari au Februari. Baada ya hapo inapita mkoani na TAMISEMI, na fedha za Serikali zinaidhinishwa na Bunge kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo anayelalamika mwezi Mei kwamba zahanati yao haimo amechelewa miezi mitano. Wakati wa kusema ni pale mikutano ya vijiji inapopanga vipaumbele.

Kwetu Kilosa, eneo la ufuta, mahindi, mpunga, mkonge na miwa, chanzo kikubwa cha mapato ya ndani ni ushuru wa mazao. Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, anayetakiwa kulipa ushuru huo ni mnunuzi wa mazao, siyo mkulima aliyelima. Pili, katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilishusha kiwango kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Anayesafirisha magunia machache akisimamishwa kwenye kizuizi aulize msingi wa tozo na adai risiti ya mashine. Fedha isiyo na risiti haifiki kwenye kabrasha la diwani, na isiyofika huko hairudi kijijini.

Kuna pia asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Taarifa ya robo hutaja kiasi kilichotengwa, vikundi vilivyopata na marejesho. Kikundi chenu kikikaa muda mrefu bila jibu, mwombeni diwani aulize orodha.

Mara moja kwa mwaka Baraza hukaa mkutano maalum kujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Mtasikia "tumepata hati inayoridhisha". Habari njema, lakini ielewe vizuri. Hati hiyo inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa kufuata taratibu. Haisemi kwamba kila tofali lililonunuliwa lilifika kwenye ujenzi. Kilicho na faida kwa mwananchi ni orodha ya hoja zenyewe, hasa zile za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa.

SHERIA NDOGO

Baraza linaweza kutunga sheria ndogo za wilaya nzima: za usafi, mazingira, mifugo kuzurura, ada na ushuru. Kabla ya kuzitunga, wananchi wanatakiwa kutangaziwa na kupewa muda wa kutoa maoni. Zikishapita, zinahitaji kibali cha Waziri mwenye dhamana na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali ndipo zianze kutumika.

Kijiji nacho kina haki ya kutunga sheria zake ndogo. Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, kisha zinapelekwa kwenye Baraza la Madiwani kuridhiwa. Faini inayotozwa kijijini kwa sheria ambayo haijawahi kuridhiwa na Baraza haina miguu ya kusimamia. Muulize mtendaji akuonyeshe nakala iliyoridhiwa.

MAMBO YANAYOUMA WILAYANI KWETU

Yapo mambo ambayo yakitajwa kwenye Baraza la Kilosa ukumbi hunyamaza. La kwanza ni ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Mwaka 2008 mapigano yakazuka tena, na mgogoro wa mipaka wa Mabwegere na vijiji jirani ukafika mahakamani. Familia nyingi za pande zote mbili bado zinahesabu waliowapoteza.

Baraza linahusikaje? Linahusika kwa mipango ya matumizi bora ya ardhi. Sheria Namba 6 ya 2007 inavipa vijiji nafasi ya kupanga wapi ni shamba, wapi ni malisho, wapi mifugo inapita kwenda kunywa maji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaopitisha mpango, lakini fedha za wapimaji na wataalamu hupitia Halmashauri. Kila bajeti inapokaa, idadi ya vijiji vitakavyopimwa mwaka huo inaamuliwa. Kijiji kinachosubiri mpaka mwaka ujao kinasubiri na ng'ombe wakiwa bado shambani. Mstari huo mmoja wa bajeti unaweza kuwa tofauti ya amani na mazishi.

La pili ni mafuriko. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, maelfu ya watu wakabaki bila makazi na kuishi kambini, na reli ya kati ikakatika. Tangu hapo, kila mvua zinapokaribia, matuta ya mto, mitaro na watu waliojenga bondeni huingia kwenye taarifa za kata. Kazi kubwa za mto ziko juu ya uwezo wa Halmashauri na zinahitaji Serikali Kuu, lakini kusimamia ujenzi holela na kusafisha mitaro ni kazi ya hapa hapa.

BARAZA HALIWEZI NINI

Haliwezi kumfukuza Mkurugenzi wala Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa hawakuteuliwa nalo. Linaweza kulalamika kwa maandishi.

Haliwezi kuamua kesi ya shamba lako na jirani yako. Hapa majina yanachanganya watu. Baraza la Madiwani si Baraza la Ardhi. Mgogoro wa shamba unapelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji au la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Haliwezi kuamuru polisi kumkamata au kumwachia mtu. Na haliwezi kupitisha sheria ndogo inayopingana na sheria ya Bunge.

NJIA YA HOJA YAKO, HATUA KWA HATUA

Moja. Anza na kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliopo walichaguliwa 27 Novemba 2024.

Mbili. Nenda Mkutano Mkuu wa Kijiji. Unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na kila mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anayeishi kijijini ni mjumbe. Sema jambo lako, kisha hakikisha mtendaji ameliandika. Muombe alisome kabla mkutano haujafungwa.

Tatu. Kwenye mkutano huo huo dai taarifa ya mapato na matumizi. Ni haki yako kuisikia, na inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Nne. Muulize mwenyekiti wa kijiji tarehe ya WDC. Baada ya kikao muulize kama jambo limeingia kwenye taarifa ya kata.

Tano. Siku ya Baraza, fika ukumbini kama unaweza, au sikiliza redio. Andika alichosema diwani na alichojibiwa.

Sita. Jibu likitolewa, fuatilia robo inayofuata kwenye yatokanayo. Kama ofisi ya umma inakunyima taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Habari Namba 6 ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30.

MANENO UTAKAYOYASIKIA HEWANI

Akidi: idadi ya chini ya wajumbe inayohitajika mkutano uwe halali.

Azimio: uamuzi uliopitishwa na Baraza.

Kabrasha: kitabu cha taarifa zote za mkutano.

Kanuni za Kudumu: utaratibu wa kuendesha mikutano ya Halmashauri.

Mapato ya ndani: fedha ambazo Halmashauri inakusanya yenyewe, mbali na zinazotoka Serikali Kuu.

Muhtasari: kumbukumbu za mkutano zilizoandikwa.

Yatokanayo: mambo ya mkutano uliopita yanayorudi kutolewa maelezo.

Ukituma swali kuhusu Baraza, tuandikie jina la kijiji, jambo lenyewe, na kama limeshaandikwa kwenye muhtasari wa kijiji au wa kata. Likiwa limeandikwa, tukikutana na diwani au mtaalamu siku ya mkutano tunamuuliza tukijua tunachokiuliza, na hawezi kusema hakuwahi kulisikia.